Mpangaji Kakamega huacha kitambulisho na pesa, huondoka na ufunguo tu

Wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro wanaporipoti, barabara ya kutoka mjini Kakamega kuelekea Webuye hujaa magodoro. Mengine yamefungwa kwa kamba nyuma ya bodaboda, mengine yameegemezwa kwenye kuta za maduka. Kando ya godoro husimama mzazi aliyeshika bahasha ya khaki yenye barua ya kujiunga na chuo, vyeti na picha za pasipoti. Wanatafuta chumba Kefinco, Lurambi, Sichirai au Amalemba, na wanakitafuta kwa haraka, maana mzazi anataka kuwahi gari la kurudi nyumbani jioni.

Mwangalizi wa ploti hufungua mlango na kutaja bei: kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti ya mwezi mmoja, pengine na pesa kidogo za stima au maji. Halafu anaomba nakala ya kitambulisho cha mwanafunzi, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na nambari ya simu ya jamaa wa karibu. Mzazi hutuma pesa kwa M-Pesa. Simu ya mwangalizi hulia, ufunguo hubadili mikono, na shughuli huwa imekwisha.

Hesabu kilichopita kati yao. Mpangaji ametoa jina lake kamili, nambari ya kitambulisho, jina na simu ya mzazi, na kodi ya miezi miwili. Amepokea ufunguo. Hana karatasi inayosema amepanga nyumba ya nani, kwa masharti gani, wala chumba kilikuwa katika hali gani siku alipokiingia.

Ugomvi huja baadaye, mara nyingi siku ya kuhama. Mwenye nyumba anasema kioo kimevunjwa na ukuta umechafuliwa, kwa hiyo dipoziti imeisha. Mpangaji anasema kioo alikikuta na ufa. Hakuna kati yao anayeweza kuthibitisha. Na kwa kuwa pesa tayari ziko mfukoni mwa mwenye nyumba, mpangaji ndiye anayeondoka mikono mitupu.

Ujumbe wa M-Pesa hausemi yote

Watu wengi wanaamini kwamba ujumbe wa M-Pesa ni risiti ya kutosha. Una uzito wake, kwa kweli. Unaonyesha nambari ya muamala, kiasi, tarehe, saa na jina la aliyepokea. Katika kesi, huo ni ushahidi kwamba pesa zilitoka kwa huyu zikafika kwa yule.

Lakini hausemi kama pesa hizo ni kodi au ni dipoziti. Hausemi ni za chumba nambari ngapi wala za mwezi gani. Na pale pesa zinapotumwa kwa simu ya mwangalizi, jina linaloonekana si la mwenye nyumba. Mwangalizi akifutwa kazi, au akitoweka na makusanyo ya mwezi, mpangaji huambiwa kwamba hajalipa. Mwenye nyumba naye hubaki akidai kodi ambayo mpangaji amekwisha kuilipa kwa mtu aliyewekwa na yeye mwenyewe.

> *Ujumbe wa M-Pesa husema nani alipokea pesa na saa ngapi. Hausemi kama ni kodi au dipoziti, za chumba kipi, wala za mwezi upi.*

Risiti ya mistari mitatu ingemaliza ubishi huo: nimepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani, kodi ya mwezi fulani, chumba nambari fulani, na sahihi. Kitabu cha risiti kinauzwa katika kila duka la vifaa vya ofisi mjini.

Mkataba wa mdomo unakubalika, lakini

Hapa kuna jambo linalowashangaza wapangaji na wenye nyumba vilevile. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali upangaji wa muda mfupi, wa miaka miwili au pungufu, ufanywe kwa maandishi au kwa mdomo. Mwanafunzi aliyelipa kodi na kupewa ufunguo ni mpangaji halali hata kama hakutia sahihi popote.

Sheria hiyohiyo inajaza mapengo ambayo wawili hao waliyaacha. Pasipo kutajwa muda, upangaji huhesabiwa kwa kipindi cha malipo ya kodi. Anayelipa kila mwezi ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja upangaji huo, awe mwenye nyumba au mpangaji, hutakiwa kutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Notisi ya siku tatu iliyobandikwa mlangoni haina nguvu, hata ikipigwa muhuri wa ploti.

Mwenye nyumba anatakiwa pia kumwacha mpangaji aishi kwa utulivu, na kutunza paa, kuta kuu na mitaro mikuu ya jengo lenye wapangaji wengi. Mpangaji naye anatakiwa kulipa kodi kwa wakati na kurudisha nyumba kama alivyoipokea, isipokuwa pale ilipochakaa kwa matumizi ya kawaida. Rangi iliyofifia kwa miaka miwili ya kuishi si deni la mpangaji. Shimo alilotoboa ili kutundika televisheni ni lake.

Kwa nyumba za bei ya chini ipo sheria nyingine, ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, iliyoanza kutumika 1959. Inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chake cha kodi kinarudi nyuma hadi ile iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981. Mpangaji wa nyumba hizo hawezi kuondolewa bila amri ya baraza la kodi za nyumba, na kumsumbua ili ahame mwenyewe ni kosa. Tatizo ni kwamba kiwango cha 2,500 kimeachwa nyuma na bei za leo. Chumba cha kujitegemea chenye choo ndani karibu na chuo kinakizidi, kwa hiyo wapangaji wengi wa Kefinco wako nje ya ulinzi huo. Kinachowalinda ni sheria ya ardhi ya jumla na yale waliyoyaandika wao wenyewe. Wakiwa hawakuandika kitu, kazi ya kuthibitisha walichoambiwa mlangoni siku ya kwanza ni yao.

Dukani mambo hugeuka

Mwenye nyumba anayedhani kwamba kukosa mkataba humwachia mikono huru na aulize wenzake wanaokodisha maduka katikati ya mji.

Sura ya 301, sheria ya 1965 inayohusu maduka, hoteli na mikahawa, inasema upangaji wa biashara ambao haukuandikwa ni upangaji unaodhibitiwa. Ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5 ni vilevile. Maana yake ni kwamba mwenye jengo hawezi kumwondoa mpangaji, kumpandishia kodi wala kubadili masharti bila kutoa notisi rasmi ya miezi miwili iliyo katika fomu ya kisheria na yenye sababu inayotambuliwa na sheria. Mpangaji asipokubali, hupeleka shauri mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, na hadi litakapoamua, anaendelea kukaa.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye jengo kuweka kitabu cha kodi na kumpa mpangaji nakala yake. Ndani huandikwa majina ya pande zote mbili, maelezo ya chumba, kila malipo na kila ukarabati uliofanywa. Ni agizo la miaka sitini iliyopita, na ndilo hasa ambalo ploti za wanafunzi zingelihitaji leo.

Kwa hiyo kinyozi, muuza vipuri au mama wa hoteli aliyepewa chumba kwa maneno tu ana kinga kubwa kuliko anavyojua. Mwenye jengo aliyekwepa gharama ya wakili amejifunga mwenyewe.

Kwa nini wenye nyumba hukwepa kalamu

Itakuwa dhuluma kuwachora wenye nyumba wote kama wezi wa dipoziti. Wengi waliojenga vyumba kumi nyuma ya nyumba zao walitumia pensheni ya ualimu au mkopo wa Sacco. Wana wapangaji waliohama usiku wakiwa na deni la miezi mitatu, wakaacha bili ya maji na mlango uliovunjwa. Mwanafunzi anayengoja pesa za mkopo wa masomo wa HELB hulipa zinapofika, na mara nyingi huchelewa. Mwenye nyumba naye ana marejesho ya mkopo yasiyomngoja mtu.

Hasira hiyo ndiyo inayozaa kufuli la pili juu ya mlango, kukatwa kwa stima, na wakati mwingine kuezuliwa kwa mabati. Njia hizo zote humweka mwenye nyumba upande mbaya wa sheria. Anayo haki ya kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi, chini ya Sura ya 293, lakini kazi hiyo ni ya dalali wa mnada mwenye leseni. Yeye mwenyewe, mwangalizi wake na vijana wa mtaa hawana mamlaka ya kubeba godoro la mtu. Na hatua ya kwanza ya dalali huyo ni kuuliza: deni ni kiasi gani, na linaonyeshwa na nini?

Sababu ya pili haisemwi kwa sauti. Ni ushuru. Tangu 1 Januari 2016 kodi za nyumba za kuishi zina ushuru wake, unaolipwa kwa mapato yote bila kuondoa gharama. Ulianza kwa asilimia 10, na tangu 1 Januari 2024 ni asilimia 7.5. Unamhusu mwenye mapato ya zaidi ya shilingi 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Chukua ploti ya vyumba tisa vya shilingi 3,000 kila kimoja. Ni shilingi 27,000 kwa mwezi na 324,000 kwa mwaka, na ushuru wake ni shilingi 2,025 kwa mwezi. Wapo wanaoona kwamba kila risiti watakayoandika ni ushahidi watakaopelekewa siku moja. Lakini hoja hiyo imepitwa na wakati. Malipo yenyewe yamo kwenye simu, yenye tarehe na majina, na hayafutiki kwa sababu kitabu cha risiti hakikununuliwa. Aliyekataa kuandika hakujificha kwa KRA. Amejinyima ushahidi wa deni lake tu.

Gharama ya muhuri nayo hutiwa chumvi. Ushuru wa stempu kwa mkataba wa miaka isiyozidi mitatu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Nyumba ya shilingi 8,000 kwa mwezi ina kodi ya shilingi 96,000 kwa mwaka, basi stempu ni shilingi 960. Mkataba usiopigwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake, na wengi hugundua hilo siku ya kesi.

Hati ina jina la babu

Karatasi ya kwanza katika upangaji wowote ni ile ambayo mwenye nyumba haombwi aitoe: ile inayoonyesha kwamba anayekodisha ana haki ya kukodisha. Na hapa Kakamega ndipo penye mzizi wa matatizo mengi.

Mji umepanuka hadi kwenye mashamba ya familia. Chuo, kilichoanza 2002 kama chuo kikuu kishiriki na kuwa chuo kikuu kamili 2007, kilivuta wapangaji. Serikali ya kaunti iliyokuja 2013 ikaleta wafanyakazi. Vyumba vya kupangisha viliota kwenye vipande vya ardhi vilivyogawiwa wana kwa maneno, mbele ya wazee, huku hati miliki ikibaki na jina la babu aliyefariki zamani.

Maadamu ndugu wanaelewana, mambo huenda. Wakikosana, mpangaji hupata wenye nyumba wawili. Kaka mkubwa anakusanya kodi, mdogo anatuma ujumbe kwamba kuanzia mwezi ujao zitumwe kwake, na mjane wa kaka wa tatu anadai vyumba viwili vya mwisho vilijengwa na marehemu mumewe. Mpangaji akimlipa mmoja, mwingine anampa notisi.

Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, haina upole katika jambo hili. Kushughulika na mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kukusanya kodi za nyumba za marehemu ni kushughulika na mali yake. Njia iliyo wazi huanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, kisha maombi mahakamani, tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za pingamizi, halafu barua za usimamizi. Uthibitisho wa mgawanyo huja kwa kawaida baada ya miezi sita. Ni safari ndefu, na familia nyingi huiahirisha kwa sababu ya ada, nauli na uchovu. Lakini msimamizi mmoja mwenye barua za mahakama ndiye anayeweza kutia sahihi mkataba ambao hautapingwa na shangazi mwaka ujao.

> *Ndugu wakielewana, hati yenye jina la babu haisumbui mtu. Wakikosana, mpangaji mmoja hupata wenye nyumba wawili.*

Wenyeji wana sababu za kihistoria za kutoamini karatasi. Sheria ya 1930 iliahidi kuwa ardhi ya hifadhi za Waafrika ingekuwa yao daima. Dhahabu ilipoonekana Kakamega, sheria ilibadilishwa 1932 ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa uchimbaji bila kulazimika kutoa ardhi nyingine badala yake. Kumbukumbu ya machimbo ya Rosterman bado iko katika jina la mtaa. Sioni ajabu mzee akiamini zaidi mti wa mpakani kuliko ramani ya ofisini. Lakini mpangaji wake hana mti wa mpakani wa kushikilia. Mpangaji makini hufanya upekuzi wa hati katika masjala ya ardhi, au angalau huomba kuona nakala ya hati, barua za usimamizi, au barua ya mwenye nyumba inayomruhusu ajenti kupangisha na kupokea pesa kwa niaba yake.

Ukurasa wa hali ya nyumba

Ningepewa nafasi ya kudai karatasi moja tu katika kila ploti ya Kakamega, nisingechagua mkataba mrefu wa wakili. Ningechagua ukurasa wa hali ya nyumba, unaojazwa siku ya kuingia na watu wawili waliosimama ndani ya chumba kile.

Huandikwa chumba kwa chumba. Mlango: kitasa kinafanya kazi, funguo mbili zimetolewa. Dirisha: vioo sita, kimoja kina ufa. Ukuta: rangi mpya, au rangi ya zamani yenye madoa karibu na jiko. Sinki: haivuji. Soketi: mbili, moja imelegea. Mita ya stima: nambari yake, na tokeni zilizobaki. Mita ya maji: usomaji wa siku hiyo. Chini yake, tarehe na sahihi mbili. Nakala mbili. Picha hupigwa kwa simu na kutumiana palepale kwa WhatsApp, ili kila upande ubaki na tarehe.

Siku ya kuhama ukurasa huo hutolewa, watu wawili wanapita tena chumbani, na tofauti inahesabiwa. Ufa wa kioo cha tatu ulikuwepo, haulipwi. Soketi iliyoungua haikuwepo. Inalipwa kwa bei ya fundi, na risiti ya fundi inaambatishwa. Kinachobaki cha dipoziti kinarudishwa kwa tarehe iliyoandikwa tangu mwanzo. Wakishindwana bado, wana kitu cha kumwonyesha hakimu wa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hutakiwa kuamua ndani ya siku 60, na humruhusu mtu kujieleza bila wakili.

Ukurasa huu unamfaa mwenye nyumba kuliko anavyofikiri. Bila huo, hata yule aliyeharibiwa nyumba kweli hawezi kuthibitisha uharibifu.

Vitambulisho na wasiotimiza miaka 18

Turudi kwa zile nakala za vitambulisho zinazorundikwa kwenye droo ya mwangalizi. Mwenye nyumba ana haki ya kujua ni nani anaishi kwake, na mpango wa usalama wa mitaani wa Nyumba Kumi uliotangazwa 2013 uliwazoesha watu kumjua jirani. Lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka data ichukuliwe kwa sababu inayoelezwa, itunzwe salama, na isibaki milele. Kanuni zilizofuata 2021 zimetaja usimamizi wa majengo miongoni mwa shughuli zinazolazimu usajili kwa Kamishna wa Data, hata kama biashara ni ndogo. Ajenti anayesimamia ploti za watu wengine mjini yumo katika orodha hiyo. Nakala ya kitambulisho inayotumika kufungia mandazi kwenye kibanda cha jirani ni kosa, na ni hatari kwa mtu ambaye jina lake linaweza kutumika kusajili laini ya simu.

Halafu wapo wanafunzi wa miaka 17. Hawana kitambulisho, na kisheria hawajafikia umri wa kujifunga kwa mkataba. Mwenye nyumba anayemsainisha kijana wa umri huo anaweza kukosa mtu wa kumdai. Mzazi ndiye anayepaswa kutia sahihi kama mpangaji, mwanafunzi atajwe kama mkaaji, na mzazi apewe nakala kabla hajapanda gari.

Mswada uliokwama

Serikali ilijaribu kuunganisha sheria hizi. Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kufuta sura za 293, 296 na 301 na kuweka sheria moja na baraza moja kwa nyumba za kuishi na za biashara. Wenye nyumba waliogopa kufungwa mikono juu ya kodi na uondoaji wa wapangaji. Wapangaji waliona nafasi ya kupata kinga wasiyokuwa nayo. Mswada haukupata kuwa sheria.

Kwa hiyo kodi ya mwaka 1981 bado ndiyo kipimo kitabuni, na mwalimu anayekodi nyumba ya shilingi 8,000 Amalemba hana baraza lake mwenyewe. Atakachokuwa nacho siku ya ugomvi ni kile alichokiomba siku ya kuingia: jina la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye hati, risiti yenye mwezi, notisi iliyokubaliwa, tarehe ya kurudishiwa dipoziti, na ukurasa wa hali ya nyumba wenye sahihi mbili. Mwangalizi akisema huku hatuandikiani, mpangaji anaweza kuandika mwenyewe ujumbe mfupi akiwa bado mlangoni, akitaja chumba, kiasi, mwezi na dipoziti, na kumtumia mwenye nyumba kabla ya kubonyeza nambari ya siri ya M-Pesa.